Mikate ya Zamu ya Usiku

Saa tisa usiku, juu kabisa ya jangwa la Atakama,
ambako maji huchemka kabla hayajapata moto wa haja
na maharagwe hukaa mekoni kama mgeni asiyeaga,
shangazi Eduvijis Ayavire anakanda unga.
Hamira hupunguza robo. Maji huongeza, kwa jicho.
Hewa ya huku nyepesi, husema,
unga huumuka kwa pupa, kisha hujuta.

Taavet ameshuka kutoka kwenye darubini,
vidole ganzi, pua nyekundu,
Kihispania chake cha Kiestonia kina matege.
Anaomba chai. Leo hanyamazi.

Kaboni iliyomo mwilini mwako, Eduvijis,
na iliyomo katika gamba la mkate huo,
ilipikwa tumboni mwa nyota.
Viini vitatu vya heliamu sharti vikutane,
na kukutana pekee hakutoshi:
sharti pawe na kidato kimoja cha nishati, pale pale,
vikanyage.
Kingepanda kidogo, kingeshuka kidogo,
nyota zingewaka na kuzimika tasa.
Pasingekuwa na jani, wala jicho,
wala mtu wa kuniuliza nanung'unika nini.
Nani alikipima?

Shangazi anajifuta mikono kwenye aproni,
ananigeukia mimi, mwosha masufuria.
"Mwambie, nilipopanda huku kutoka pwani
niliharibu mikate mingapi."
Arobaini na mmoja, nasema. Mbweha wa jangwani walinenepa.
"Na waliokaa mezani walikula upi?"
Ule uliokubali.
"Basi. Hakuna anayekaa kula ndooni."

Taavet anacheka. Halafu hacheki.
"Lakini ndoo ya ulimwengu, mama, hatujaiona.
Huenda ulikandwa mmoja tu."

Jokofu linanguruma, linanyamaza.
Sijawahi kumwona shangazi akikosa jibu.
Anafungua tanuri, anagonga mkate kwa kidole,
anasikiliza, kama mtu abishaye hodi
nyumba asiyoijua mwenyewe.
"Umeiva," anasema. Hilo tu.

Natoka nje kumwaga maji machafu.
Mbingu imejaa hadi inaudhi,
baridi inauma meno.
Chini ya kucha zangu pana masizi ya sufuria,
meusi, ya miaka.
Kila usiku huyasugua kwa brashi ya waya
kabla ya kulala.

Leo nimeyaacha.