Toa Arobaini

Ndege imesimama. Magurudumu yako juu ya lami,
injini imezimwa, theluji ya kuchorwa inadondokea bawa,
na saa ya mwinuko bado inasema: mita arobaini.

"Toa arobaini kichwani, bibi," Eelis ananiambia,
mkate wa shayiri umemjaa mdomoni.
"Kila mtu anatoa. Tumezoea."

Tumezoea!
Miaka thelathini na mmoja nimeinama hangani
na bisibisi nyembamba kama sharubu ya paka,
nikifungua vifua vya saa, nikisikiliza
mshale unavyopanda, unavyosita, unavyoshuka,
na sikuwahi kumwambia rubani: zoea.

Nikajaribu tena. Nikaweka shinikizo la hewa la uwanja,
nikagonga kioo kwa ukucha, mazoea ya zamani,
ila kioo cha kompyuta hakina mshale wa kuzinduka.
Nikapaa. Nje ya dirisha letu, hapa Pohjanmaa,
saa tisa alasiri giza lilishatanda.
Kasi, ilisema, mia tisa. Nikahesabu vijiji
kwa penseli na saa ya mkono: mia nane na thelathini.
Mafuta, ilisema, lita mia sita,
kwa rangi ya kijani, tulivu kama mwenye deni asiyedaiwa,
na hapo hapo injini ikakata kauli.
Adui yangu, kijana fulani wa Gdansk,
hakupoteza hata kombora moja.
Nilijiangukia mwenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi.
Ya huyu imepungua mita arobaini.

Eelis alicheka. Mimi sikuwa tena chumbani.

Rurik Sandelin alikunywa kahawa yangu akiwa wima,
glavu kwapani, Novemba, akasema dira inavuta kulia.
Tukaizungusha ndege yake barafuni, watu wanne mkiani,
digrii thelathini, tena thelathini, hadi duara likatimia,
na kila kosa nikaliandika kwenye kadi kwa wino mweusi:
kaskazini, ongeza mbili. Mashariki, toa moja.
Kusini-magharibi, toa tatu.
Kadi ndogo, haizidi kiganja cha mtoto,
ikakaa chini ya dira, machoni pa rubani.
Ndiyo ilikuwa sheria yetu:
chombo kinaruhusiwa kukosea,
hakiruhusiwi kuficha.

Dira haikumuua. Tume iliandika: ukungu.
Walipoliletea hanga sanduku kutoka kinamasi
kadi ilikuwemo, imevimba maji, mwandiko wangu unasomeka.
Hakuna aliyenilaumu.
Nilizisoma zile namba, moja moja,
kama barua ambayo hujui kama ilifika.

Wenye mchezo niliwaandikia. Walijibu kwa adabu:
kasoro inajulikana, itarekebishwa
theluji ikiyeyuka, labda.

"Nipe karatasi ngumu," nikamwambia Eelis.
Yeye akarusha, mimi nikaandika.
Juu ya ziwa, ambalo kina chake na kimo chake
nimevijua tangu nikiwa msichana wa kuvua sangara:
imezidi arobaini. Juu ya kilima cha mnara: hamsini na tano.
Tukapanda. Mita elfu moja: sabini.
Mita elfu tatu: karibu si kitu.
Akaacha kutafuna.
"Kumbe si arobaini."
"Si arobaini kila mahali."
"Na mimi nimekuwa nikitoa..."
"Ndiyo," nikasema.

Sauna ilipoa ikitusubiri, baba yake akatuita mara mbili.
Kadi nikaibandika chini ya skrini kwa utepe wa umeme,
nikaweka tarehe, nikatia sahihi ileile:
A. Ketola, fundi wa vyombo.

Akatua mara ya mwisho usiku ule,
jicho moja kwenye njia, jicho moja kwenye mwandiko wangu.
Magurudumu yakagusa. Saa ikasema yake.
Naye, kwa sauti ya chini, kwa ajili ya nani sijui,
akasema: "Sifuri."