Gramu Thelathini

Mguu wa kwanza uliingia.
Wa pili, wa tatu, ikaingia bila neno.
Wa saba ukasitasita kama mgeni asiyejua avue viatu au la.
Wa kumi nikausukuma kwa ukucha,
na wa ishirini ukasimama nje ya tundu lake,
milimita moja na nusu kando,
ukinitazama.

Chipu ya miguu arobaini, ishirini kila ubavu,
niliyoing'oa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa.
Bodi niliichapa kwenye karatasi ya jarida la mitindo,
nikaigandamiza juu ya shaba kwa pasi ya mama,
nikaichovya katika dawa ya rangi ya chai kali
hadi shaba isiyotakiwa ikaliwa yote.
Njia zake zilitoka safi. Nikapanda nazo ngazi ghorofa nne,
maana lifti zetu hapa Kutaisi hudai sarafu
na mfukoni nilikuwa na skrubu tu,
hadi mlangoni kwa Bi Lamara.

Hakuisifu. Alileta kalipa.
Miaka thelathini na moja alikagua mizani za soko,
sanduku la mawe ya kupimia mkononi,
na muuza jibini aliyemwona kwa mbali
alikumbuka ghafla kupangusa sahani.

"Toka mguu wa kwanza hadi wa ishirini
panatakiwa arobaini na nane nukta mbili sita.
Hapa pana arobaini na sita nukta nane."
Akagawa kwa penseli pembeni mwa gazeti.
"Tisini na saba kwa mia. Nani kala tatu?"

Tukamfuata mwizi hadi ndani ya kompyuta.
Alikuwa amekaa peupe: kisanduku chenye alama ya vema,
kikisema kwa adabu,
*Punguza ili itoshe ukurasa.*
Sikuitia mimi alama ile.
Lakini sikuitoa.

Tatu kwa mia. Kwenye kilo, gramu thelathini.
Nikanyamaza. Naye akanyamaza.
Gramu thelathini ndizo alizozikuta
buchani kwa Valiko, baba yangu, mwaka wa theluji ndefu:
sumaku ndogo, imegandishwa kwa nta chini ya sahani.
Faini ilikula baiskeli yangu.
Baba hakumsalimu tena hadi anaingia kaburini,
na mimi aliniambia, Kila mtu hupunja, mwanangu,
ila wengine hawapimwi.

"Chapa mraba," akasema. "Mia kwa mia."
Upana: tisini na tisa nukta sita.
Urefu: mia moja nukta tatu.
Kumbe hata ukiiamuru isipunguze kitu,
printa huvuta huku na kubana kule,
na karatasi hunywea ikipita motoni.
"Basi ipitishe kwanza tupu. Inywee yote, imalize.
Halafu ndiyo uiandike."

Tulizidisha upana kidogo, tukapunguza urefu,
kila upande na dawa yake.
Mraba wa pili. Wa tatu. Chai ikapoa.
Kwenye wa tano akasoma kalipa, "Mia. Na mia,"
kama mtu anayehesabu chenji ya mwenzake.

Nikaiwahi pasi. Akanishika mkono.
"Kabla ya moto, chipu ikanyage karatasi."
Nikaikanyagisha.
Miguu arobaini ikatoboa vidoto arobaini vyeusi,
kila mmoja katikati,
hata yule wa ishirini.

Kware wa Vazha wanaingoja mashine hii;
yai halijui maana ya takriban.

Nilikuwa nafunga begi.
Alikuwa anapangusa taya za kalipa kwa pindo la aproni,
uso dirishani.
"Baba yako," akasema.
Nikangoja. Mto Rioni ulisikika chini, umejaa.
"Nyama yake ilikuwa nzuri."