Hesabu ya Nguzo

Barabara ya kumi na tatu, Ngamiani,
nyuma ya duka la chokaa,
baba alinifundisha kuhesabu kwa magari.
Si tairi. Tairi hata mtoto anazijua.
Hesabu nguzo, alisema,
zile zinazobeba paa.

Saluni (siyo ya kusukia nywele)
ina tatu kila ubavu, haina siri.
Stesheni wagoni ina nne,
paa limenyooka hadi mwisho kama darasa.
Ile ya karani wa Amboni ilikuwa na mbao ubavuni.
Nikaipapasa: karatasi!
Mbao za karatasi, zimevuka maji kutoka Amerika,
na mchwa wetu wakahangaika nazo mwezi mzima.

Kiti chake cha mwisho kilitazama nyuma.
Watoto tulipangwa pale, magoti kwenye kioo,
tukaiona Chumbageni ikishapita,
Usagara ikishapita.
Tulikokwenda walikuona wakubwa.

Lakini ile nyingine, ya rangi mbili,
samli juu, bluu ya sare za shule chini,
aliyoiacha Mgiriki wa mkonge, funguo mezani,
chai nusu kikombe,
haikuwa na nguzo ya kati.
Shusha vioo vinne: ubavu mzima hewa.
Haditopu, baba akasema.
Nikauliza, hadi topu, halafu wapi?
Akacheka mpaka nyundo ikamdondoka.

Na paa linashikwa na nini?
Akapiga teke chini, kwenye chasisi.
Hilo ndilo jibu nililopewa.

Stesheni wagoni ndiyo iliyompeleka Pongwe,
viti vimelazwa,
miguu yake ikielekea nyuma,
kama tulivyokaa sisi.

Juzi kaja Bwana Kihiyo, kaikokota haditopu kwa kamba.
Paa limelegea vidole viwili,
mlango unalia ukiufunga.
Anataka nichomelee nguzo:
bomba la inchi mbili tu, fundi Mwanakombo,
ukishapiga rangi nani ataona?

Nilingoja aondoke.
Nikaingia, nikapandisha vioo.
Cha mbele na cha nyuma vikakutana katikati,
kioo kwa kioo, bila mwamuzi,
na hapo kwenye mshono nikakuta
ukanda wa tyubu ya baiskeli,
gundi imekauka kama ukoko,
na ndani ya gundi, gumba la baba,
mistari yote, na lile kovu la msasa.

Kumbe lilikuwa linavuja.
Miaka yote akituapia halivuji,
na masika kwa masika, bega la mama
likishuka humo limelowa,
mama naye kimya.

Nimemwambia Bwana Kihiyo arudi Alhamisi.
Nguzo sichomelei.
Nimeazima jeki ya pili kwa Shemboko,
nitaliinua paa taratibu, kidole kimoja leo,
kimoja kesho.
Tyubu ninayo, ya baiskeli yangu.
Wiki hii naja kazini kwa miguu.