Safu ya Mwisho

Mimi ndiye ninayeandika.
Tarehe, mwenye mnyama, rangi, dalili,
kisha pembeni kabisa safu nyembamba ya malipo
ambayo tangu Novemba imejaa neno moja: baadaye.
Nusu ya wino wangu imeishia kwenye neno hilo.

Kliniki yetu ni vyumba viwili na ushoroba,
zamani ghala la sufu la shamba la pamoja.
Kuna ukuta kwa ukucha, utamnusa kondoo.
Alfajiri Zuura huwasha jiko kwa samadi kavu,
achemshe sindano, achemshe chai,
kwa sufuria mbili zisizo na tofauti.
Hajawahi kukosea,
au hajawahi kutwambia.

Daktari Kubanych bega lake la kuume limeshuka.
Miaka thelathini na moja ndani ya ng'ombe
hadi kwapani, shavu kwenye paja la mnyama,
macho kayafumba kama anatafuta stesheni ya mbali redioni.
"Mguu. Mwingine. Kichwa je? Kichwa umekificha wapi, wewe?"
Huyo humtoa ndama gizani kwa mkono mmoja.
Nyumbani, mkewe ndiye humvisha koti.

Na Temirkul, dereva. Damu haipendi.
Sisi tukiinama, yeye huutazama mlima
kana kwamba mlima una jambo la kumwambia.
Ila gari likizama kwenye theluji, tunanyamaza sote,
tunamwacha alitukane, alibembeleze,
alitukane tena, mpaka lingurume.

Februari, mwezi wa barafu yenye uongo,
tuliitwa kwa Sairash, ng'ambo ya mto.
Zuura alikuwa na homa; nikaenda mimi kushika tochi.
Farasi jike, wa kahawia iliyoiva, alikuwa chini,
mguu wa nyuma umepinda pasipo na kiungo.
Juu yake, mfarishi wa kitandani, wenye maua mekundu.
Daktari alipapasa mara moja.
Hakupapasa tena.

Sairash hakulia. Alinitazama mimi, si yeye.
"Andika kwanza," akasema. "Andika jina lake."
Daftari letu halina safu ya majina.
"Andika Koshuna."
Jirani, maana yake; alivuka uzio akiwa mtoto
kulipa deni la magunia manne ya shayiri
ambalo mwenye kudaiwa alikufa nalo nusu.
Nikaandika, vidole vimekufa ganzi,
herufi zikalala ubavu kama yeye.

Hapo Temirkul akauacha mlima.
Alikuja, akapiga magoti, akakipakata kile kichwa,
akaanza kunong'ona, nami nikayatambua maneno:
ni yaleyale ya gari,
matusi yote kayatoa.

Tukarudi. Aliendesha polepole, barabara ikiwa tupu.
Kliniki nikafungua daftari, na mkono, kwa mazoea,
ukaandika baadaye.

Mei Sairash akaja kwa miguu, matope hadi magotini,
noti zimekunjwa ndani ya leso, sarafu chini yake.
Daktari akatikisa kichwa: mama, sikuponya kitu.
Kidogo ampige.
"Nani kakuuliza kuponya? Ulikuja usiku.
Dawa ilikuwa dawa. Hesabu."
Nikahesabu. Zilizidi som ishirini; nikamrudishia,
akazipokea, akazitazama moja moja
kama mtu aliyezoea kupunjwa.
Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa, palepale.
"Hilo neno. Likate."

Nikalikata kwa rula.
Mstari mmoja mnyoofu, katika ukurasa mzima.

Ushorobani Zuura aliita chai imeiva.
Tukaketi watano, Sairash karibu na jiko,
Temirkul akimwongezea sukari bila kuulizwa.
Chai ilikuwa na ladha ya chuma.
Tukanywa. Hakuna aliyeuliza sufuria.