Chini ya Mpini

Mzee Kazimierz hanunui bastola kwa ajili ya mlio.
Anazo thelathini na moja, zote za polisi,
za enzi zile askari akizunguka Chicopee kwa miguu,
kwato za farasi wa maziwa zikimtangulia,
na hajaifyatua hata moja.

Mimi ni mpangaji wake, ghorofa ya juu.
Nikirudi alfajiri kutoka zamu ya usiku
namkuta jikoni, gazeti limetandazwa mezani,
mafuta ya bunduki yamenukia hadi kwenye mkate.
"Lete mikono yako," huniambia.
Yake inatetemeka, na skrubu za mpini
ni ndogo kama punje za uwele.

Kwanza silinda. Fungua, chungulia: matundu sita,
yote mwanga. Ndiyo sheria ya nyumba,
hata kwa chuma kilicholala miaka themanini.
Kisha anasoma.
Hapa, mdomoni mwa mtutu, rangi imekwanguka:
ni ala ya ngozi iliyoilamba, kuingia, kutoka, kuingia,
miaka ishirini ya kutembea bila kupiga.
Hapa kisigino cha mpini kimebonyea.
Askari huyu alipondea njugu, au msumari,
au kichwa cha mtu.
"Kipi?" nauliza.
"Chuma ni shahidi. Hakimu simo."

Hii aliiuza mjane wa Holyoke, Bibi Archambault,
aliyeificha ndani ya kopo la unga
na kupika maandazi juu yake vita vyote vile.
Ile ililetwa na fundi mabomba, imefungwa soksi.
Binti yake Halina hupiga simu kila Jumapili:
Baba, pensheni yako inaota kutu.
Naye hucheka. Mwiba wa kujidunga, nani ampe pole?

Nilidhani ni uchu wa wazee wapendao vitu.
Hadi siku niliyotoa mbao za mjozi
nikamwona ameacha kupumua.
Hakuwa anatazama bastola.
Alikuwa anatafuta, pale kwenye fremu mpini unapoficha,
herufi moja, ndogo kuliko kichwa cha siafu:
B. Bronisława. Mama yake, mkaguzi,
meza ya tatu kutoka dirishani, kiwandani kando ya mto.
Kila fremu iliyopita mkononi mwake
aliigonga nyundo mara moja, akaisukuma mbele.
Alikufa mwanawe akiwa na miaka tisa.
Picha iliyobaki ni ya harusi, na alipepesa uso.

Thelathini na moja. Amempata mara nne.

Sikumwambia kuhusu usiku wa Januari
niliposimamishwa barabarani, mikono juu ya usukani,
theluji ikiingia dirishani,
macho yangu hayakupanda zaidi ya kiuno cha yule kijana.
Niliwaza jambo la kipumbavu:
mama wa nani aliikagua ile,
na alikuwa amekula nini asubuhi.

Leo imefika ya tano. Kutu, mbao imepasuka,
bei ya bure. Nafungua.
B imo. Lakini imepigwa mara mbili,
ya pili imeteleza, imelalia ubavu.
Mzee anatazama namba, anafunua daftari,
kidole kinashuka safu hadi safu, kinasimama.
Novemba. Yeye alizaliwa Desemba.
"Hapa," asema, akigusa herufi iliyoteleza,
"hapa nilimpiga teke."

Anacheka hadi miwani inadondoka.
Nami nataka kuuliza: baadaye je?
Ilimwelekea nani, hii, ilipotoka kwenye meza ya tatu?
Anajua nataka kuuliza. Anafuta miwani, polepole.

Narudisha mbao. Nakaza skrubu,
si sana.
Mjozi wa zamani ukiushurutisha, unapasuka zaidi.