Daftari la Majina, Barabara ya Kumi na Tatu

Mtaa wangu hauna jina, una namba.
Ngamiani yote imehesabiwa kama magunia ya mkonge,
ya kwanza, ya pili, mpaka ishirini na ushei,
na mimi wa kumi na tatu ndiye nimejitwika
kazi ya kuwaita watu wasiokuwapo.

Kumi na mmoja wamo tayari kitabuni.
Wana mashoka, wana ndevu zilizoganda,
mmoja anadaiwa kodi na farasi wake,
ila majina hawana. Nawaita Yule,
Yule Mwingine, na Bi Mkubwa wa Ng'ambo ya Barafu.

Mchana nakata barafu kiwandani,
nawauzia vipande wenye samaki wao.
Vidole vyangu vinaijua baridi kuliko kichwa,
ndiyo maana nikathubutu kuandika nchi ya theluji
na shati limenigandia mgongoni kwa jasho.

Majina nayaokota katika kitabu cha watu wa kaskazini
alichokisahau baharia wa meli ya saruji.
Hakina jalada. Kurasa za S zimeliwa na mende,
kwa hiyo kwangu hakuna shujaa wa S.
Ulf: mbwa mwitu.
Bjorn: dubu.
Hrafn: kunguru.

Hapo nikasita.
Kunguru? Huyu huyu
aliyeninyang'anya muhogo mlangoni kwa Bi Mwanakheri,
nikabaki na chumvi na pilipili kiganjani?
Kitabu kinasema kwao ni ndege wa heshima,
mtoto huitwa kunguru na mama yake akatabasamu.
Haya. Nimemwandika: Hrafni, mwizi wa mihogo.
Mpaka sasa ndiye anayeishi kuliko wote.

Lakini jina si wino. Jina ni mdomo.
Nikamsomea dada yangu Kidawa, yuko kwenye cherehani:
Ragnhild. Nusu yake shauri, nusu yake vita.
Sindano ikasimama.
"Hebu rudia."
Ragnhild.
"Umekwama mfupa kooni?"
Akalionea huruma, akalipa irabu kama mtu anayempa mgeni viatu:
"Raginihilida. Sasa linapita mlangoni."

Usiku nikampima, maana mjini kwetu
neno halijawa neno mpaka litimie mizani:

    Raginihilida njoo, mlangoni usikae,
    Barafu si yako leo, kanga yetu uivae,
    Shoka lako lenye cheo, kwa madafu litufae,
    Jina limekwama koo, jipya hapa ulitwae.

Nikahesabu kwa vidole. Nane, nane. Imetimia.
Na yeye ametoweka.
Pale alipokuwa amesimama na upepo wake
amekaa jirani tu, ananiuliza bei ya sukari.

Nikafuta irabu. Moja, halafu nyingine,
kama mtu anayebandua magamba.
Ragnhild. Msomaji wa Makorora akifika hapo
atajikwaa, atavuta pumzi, atajaribu tena.
Ajikwae. Mimi siwezi kumletea theluji nyumbani,
naweza kumletea hizo konsonanti nne
zilizoshikana bila kupashana moto.

Asubuhi Kidawa ananimiminia chai, hajaniangalia:
"Yule wako wa mfupa kooni, amefika wapi?"

Nikaliacha andazi.
Kiwandani tuna Saidi Nusu Kilo, tuna Kizibo,
tuna Mjerumani ambaye hajavuka Mto Sigi,
na hakuna aliyejichagulia.
Na kitabu kile cha baharia, ukurasa wa mwisho,
kinasema hata kule mtu hupewa la kwanza na wazazi
na la pili na wenye midomo:
Fulani Mguu wa Mti, Fulani Ndevu za Jana.

Nimeandika, na chai imepoa:
Ragnhild Mfupa Kooni alifungua mlango wa barafu.
Sentensi ya kwanza baada ya wiki sita.
Kidawa anadai ujira wake,
nami namdai alipe zile irabu mbili alizopoteza.
Bado wamebaki tisa.