Nyuma ya Pazia

Sista Ayikoru hakuniambia nipande kitandani.
Alinipa kijiti chenye pamba, na kichupa,
akanionyesha pazia.
"Zungusha taratibu mpaka kumi."

Mara ya mwisho, Arua hii hii,
taa ilinimulika mapajani,
wanafunzi watatu wakanyoosha shingo.
Miaka minne sikurudi.

Leo nimehesabu mwenyewe.
Kwenye saba nikacheka peke yangu:
mkono huu unaopima unga wa muhogo sokoni
haujawahi kuulizwa habari zangu.

"Na kama nimekosea?"
"Hujakosea," alisema, akiandika namba,
jina akaliacha.

Nikampa kichupa,
kingali na joto la kiganja.

Majibu Alhamisi. Siku ya gulio.
Nitapita.